Mandhari bila sahihi: picha za Caspar David Friedrich zinavyothaminiwa mnadani

Mwishoni mwa Novemba 2023, nyumba ya mnada ya Grisebach mjini Berlin iliuza daftari la michoro la mwaka 1804 la Caspar David Friedrich, Mjerumani aliyechora mandhari. Bei ilifika takriban euro milioni 1.8, ada ikiwemo. Ndani yake hamna picha ya mafuta hata moja. Ni michoro midogo ya miti, mimea na mashamba. Wapo waliouliza kama wanunuzi wamepoteza akili. Hawajapoteza, na sababu yake inaeleza karibu kila kitu kuhusu uthamini wa mchoraji huyu.

Friedrich alizaliwa Greifswald mwaka 1774, akafia Dresden mwaka 1840. Picha zake nyingi za mafuta hakuzitia sahihi wala tarehe. Ndiyo maana mthamini hakimbilii kona ya chini ya turubai. Kwa kweli, jina la Friedrich likiwa limeandikwa wazi hapo hutuongezea sisi wathamini shaka badala ya kutuondolea.

Tunachotafuta kwanza ni uhusiano wa picha na michoro yake. Alikuwa akitoka na daftari, akichora mwaloni mmoja tawi kwa tawi, mara nyingi akiandika tarehe pembeni. Mwaloni uleule angeweza kuuingiza katika picha ya mafuta miaka mingi baadaye. Picha isiyojulikana ikija na mti unaolingana na mchoro wenye tarehe, tunaanza kusikiliza. Ila mwigaji naye anaweza kunakili mti huo kutoka kwenye picha iliyokwisha kukamilika, kwa hiyo lazima tuone kilicho chini ya rangi. Kamera ya infraredi huonyesha mistari ya awali. Katika picha yake maarufu ya mtawa aliyesimama ufukweni, iliyoko Berlin, wataalamu waliona meli ambazo Friedrich alizichora kisha akaziacha, bahari ikabaki tupu. Mabadiliko ya namna hiyo yana uzito mkubwa: mwigaji hunakili matokeo, hapitii kusitasita kwa mwenye kazi.

Maabara nayo ina neno. Rangi nyeupe ya titani ilianza kuuzwa mwanzoni mwa karne ya 20. Ikikutwa katika tabaka la awali la anga, Friedrich hahusiki kabisa. Ikikutwa kwenye viraka vya juu tu, huenda ni kazi ya fundi aliyeikarabati.

Baada ya hapo ndipo maneno ya katalogi huandikwa, na hapa mnunuzi asome polepole. Jina la mchoraji likisimama peke yake, nyumba ya mnada inasema kazi ni yake. “Inasadikiwa kuwa ya” maana yake pengine. “Kutoka kwa watu waliomzunguka” ni mkono mwingine wa zama zake, na “kwa mtindo wa” inaweza kuwa kazi ya juzi. Kila unaposhuka ngazi, bei huporomoka. Dresden ya wakati ule ilikuwa na mikono mizuri ya kumchanganya mtu: Carl Gustav Carus, daktari aliyechora mandhari, na Mnorwei Johan Christian Dahl, aliyeishi nyumba moja na Friedrich.

Hali ya picha huwasumbua wathamini kuliko wauzaji wanavyodhani. Anga za Friedrich zimejengwa kwa matabaka membamba sana. Fundi akisafisha kwa dawa kali, ukungu wote hutoka na vanishi, na unachobaki nacho ni buluu kavu. Mimi ningependelea picha iliyochafuka kuliko iliyosafishwa vibaya. Uchafu bado unaweza kuondolewa.

Kisha historia ya umiliki, hasa kati ya 1933 na 1945. Picha yake ya mlima Watzmann iliuzwa mwaka 1937 na mmiliki wake Myahudi, Martin Brunn, kwa jumba la sanaa la Nationalgalerie la Berlin, wakati wa mateso ya Wanazi. Baadaye ilirudishwa kwa warithi, ikanunuliwa na benki ya Kijerumani DekaBank, na leo inaonekana tena Berlin kwa mkopo. Pengo la miaka hiyo katika karatasi za picha linatosha kuiondoa mnadani hata kama mkono wa Friedrich hauna ubishi.

Sheria ya Ujerumani ya mwaka 2016 inataka kibali kabla ya kutoa nje ya Umoja wa Ulaya picha yenye umri zaidi ya miaka 50 na thamani zaidi ya euro 150,000. Ikisajiliwa kuwa urithi wa taifa, soko lake hubaki ndani, na wanunuzi wa nje hukaa pembeni.

Na bei ya nyundo, ile inayotangazwa mnada ukifungwa, siyo unayolipa. Nyundo ikigonga euro 100,000 na ada ya mnunuzi ikawa asilimia 25, utatoa 125,000 kabla ya kodi na usafiri.

Mwenye picha ya zamani yenye jina la Kijerumani asiifute vumbi kwa kitambaa chenye maji, wala asibandue karatasi zilizogundishwa nyuma. Apige picha upande wa nyuma kwanza: lebo, mihuri, misumari, namba za chaki. Ofisi ya uthamini itaziomba hizo kabla ya kuuliza lolote kuhusu mlima au bahari iliyochorwa mbele.