Fedha za mafunzo ya kijani zifuate nyumba, zisizitangulie

Mwaka 2009 Marekani ilitenga dola milioni 500 za kufundisha watu kazi za kijani, na dola bilioni 5 za kuziba mianya ya hewa na kuhami nyumba za wenye kipato kidogo, yaani kuzizuia zisipoteze joto. Fungu la kwanza lilikuwa chini ya Wizara ya Kazi, la pili chini ya Wizara ya Nishati. Kufikia Juni 2011, ukaguzi wa ndani wa Wizara ya Kazi ulionyesha kwamba waliopata ajira kupitia mafunzo hayo ni 8,035, ilhali lengo lilikuwa karibu 80,000.

Wengi hulaumu mitaala. Mimi nalaumu kalenda. Fedha za nyumba ziliwekewa sharti la sheria ya Davis-Bacon ya 1931, kwamba mafundi walipwe mishahara isiyo chini ya ile ya kawaida ya eneo lao, na kwa kazi hii viwango vya kila kaunti vilikuwa havijapangwa. Majimbo mengi yakangoja miezi kadhaa kabla ya kuanza nyumba.

Kwa hiyo anza na hesabu ya nyumba. Kikosi cha watu wanne kikimaliza nyumba moja kwa siku tatu, kwa mwaka kitafanya kama nyumba 80. Ruzuku ya nyumba 400 inalisha vikosi vitano, yaani mafundi 20. Ukifundisha 60, arobaini watabaki na vyeti mkononi. Tena katika hizo 400 utakosa kadhaa: paa linalovuja, ukungu, au nyaya za zamani zilizopita darini juu ya vishikizo vya kauri, ambazo hazifai kufukiwa kwa kihami kwa sababu zinategemea hewa kupoa. Tenga fungu la matengenezo hayo mapema, la sivyo kikosi kitafika mlangoni na kurudi.

Katika mafunzo yenyewe, muda mwingi uende kwenye feni ya mlangoni, kipimo cha kutafuta mahali nyumba inapovuja hewa. Unafunga madirisha, unazima hita na majiko ya gesi, unafunika majivu ya mekoni, kisha unaweka fremu yenye feni kwenye mlango wa nje na kuvuta hewa mpaka tofauti ya shinikizo ifike paskali 50. Usipofunika hayo majivu, sebule yote itakuwa nyeusi. Hapo unapita na kitoa moshi, uone moshi unapopeperushwa na hewa inayopenya. Mwanafunzi hukimbilia madirishani. Wewe mpeleke darini. Uvujaji mkubwa huwa kwenye kifuniko cha kupandia dari, kandokando ya mabomba, na pale kuta za ndani zinapokutana na dari. Ziba kwanza, hami baadaye. Ukimwaga selulosi, kihami cha nyuzi za karatasi, juu ya matundu, hewa ya moto itapenya tu, na kuyatafuta tena chini ya inchi 14 za nyuzi ni adhabu.

Nyumba ikishabana, hatari inahamia kwenye hita ya maji ya gesi. Washa feni zote za kutoa hewa, funga milango, kisha washa hita uone kama moshi unapanda bombani au unarudi chumbani. Unaporudi, monoksidi ya kaboni inarudi nao. Kipimo hiki kifanywe kila jioni kabla kikosi hakijaondoka. Kusubiri siku ya mwisho ni kumlaza mwenye nyumba na sumu.

Wanaotoa fedha nao wana la kujifunza: kulipa kwa kutazama unene wa kihami ni kukaribisha udanganyifu. Nyuzi za kioo zinaweza kupulizwa kwa hewa nyingi zikaonekana zimejaa, kumbe mifuko iliyotumika ni nusu. Kila mfuko umechapishwa jedwali la idadi inayohitajika kwa eneo fulani. Mkaguzi apime eneo la dari, asome jedwali, halafu ahesabu mifuko mitupu kabla haijapakiwa garini.