Je, rais mmoja anaweza kuibadilisha Kenya yote?

Msimu wa kampeni ukifika, pale soko la Kibuye mjini Kisumu hutakosa kusikia: "Huyu akiingia Ikulu, mambo yote yatanyooka." Katiba ya 2010 haikupangwa hivyo.

Tuanze na Kibuye penyewe. Usafi wa soko, leseni za biashara na zahanati ni kazi ya kaunti. Wa kuulizwa ni gavana na mwakilishi wadi, ambao wengi huwachagua haraka haraka, macho yakiwa kwenye karatasi ya urais, moja tu kati ya sita.

Sheria nayo hupitia Bunge la Kitaifa, lenye wabunge 349 bila kumhesabu spika. Ikigusa kaunti, Seneti pia. Kurekebisha katiba kuhusu muhula wa rais au ugatuzi kunahitaji kura ya maamuzi, na angalau asilimia 20 ya waliosajiliwa wapige kura katika kila moja ya angalau nusu ya kaunti 47.

Mfano mzuri ni BBI (Building Bridges Initiative), mpango wa kurekebisha katiba. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliiunga mkono, Raila Odinga, aliyekuwa kiongozi wa upinzani, akiwa naye. Mabunge ya kaunti zaidi ya 40 yaliipitisha, kisha Bunge la Kitaifa na Seneti. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaizima. Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema rais hawezi kuanzisha marekebisho kwa njia iliyotengewa wananchi.

Rais ana nguvu, ndiyo: huteua mawaziri, hurudisha miswada bungeni. Lakini theluthi mbili ya wabunge wakikataa pingamizi lake, mswada unapita.