Ruzuku ya Masomo ya Kiangazi ni Nini?

Nchini Marekani, ruzuku ya masomo ya kiangazi ni fedha za umma zinazopewa wilaya za shule au asasi za kijamii ili watoto waendelee kufundishwa, hasa kusoma na kuandika, katika likizo ndefu ya Juni hadi Agosti. Hairudishwi kama mkopo. Hata hivyo kila dola imepangiwa kazi yake, na aliyeipokea atadaiwa hesabu.

Hoja ya kutumia kodi za wananchi wakati shule zimefungwa ilipata nguvu mwaka 1996, pale mtafiti wa elimu Harris Cooper na wenzake walipokusanya tafiti nyingi na kuona kwamba, kwa wastani, likizo humrudisha mwanafunzi nyuma kiasi cha mwezi mmoja wa masomo. Katika kusoma, waliopoteza zaidi ni watoto wa familia zenye kipato cha chini. Watafiti wa baadaye wamebishana juu ya ukubwa wa pengo hilo. Kwangu mimi, ubishi huo hauondoi haja: mtoto asiyejua kusoma vizuri anahitaji muda zaidi na mwalimu, na muda upo kiangazi.

Fedha hufika kwa njia mbili. Ipo inayogawiwa kwa hesabu, kama ile ya Sheria ya Elimu ya 1965 inayofuata idadi ya watoto maskini katika kila wilaya. Nyingine hushindaniwa. Mfano mkubwa ni mpango wa serikali kuu wa vituo vya kujifunzia nje ya saa za shule, ambao katika miaka ya karibuni umetengewa takriban dola bilioni 1.3 kwa mwaka. Kila jimbo hupata fungu lake, kisha hualika maombi. Mshindi hupewa si chini ya dola 50,000 kwa mwaka, kwa miaka 3 hadi 5, na shule zenye watoto wengi maskini hutangulizwa.

Sharti linalowatatiza wengi ni kwamba ruzuku iongezee, isichukue nafasi ya fedha zilizokuwepo. Wilaya iliyokuwa ikimlipa mwalimu wa kusoma kutoka bajeti yake haiwezi kumhamishia kwenye ruzuku kisha ikatumia mshahara ule kukarabati paa.

Baada ya korona, sheria ya serikali kuu ya Machi 2021, iliyotoa fedha za msaada kwa shule, ilizitaka wilaya zitenge angalau asilimia 20 ya fungu lao la fedha hizo kufidia masomo yaliyopotea, na majimbo yatenge asilimia 1 kwa ajili ya kiangazi. Fedha hizo zilikuwa na ukomo: zilipaswa ziwe zimeshapangiwa matumizi kufikia mwisho wa Septemba 2024. Programu nyingi zilizozaliwa nazo zikabaki zikitafuta mlezi.

Je, zinasaidia? Taasisi ya utafiti ya RAND ilifuatilia programu za kiangazi katika wilaya tano, zikiwemo Boston, Dallas na Pittsburgh. Faida ya hisabati ilionekana mapema. Ile ya kusoma ilijitokeza kwa watoto waliohudhuria siku 20 au zaidi, viangazi viwili mfululizo. Kwa maneno mengine, mtoto anayekuja Jumatatu na kukosa Jumanne na Jumatano hafaidiki sana, hata vitabu viwe vizuri namna gani.

Ndiyo maana mimi nikisoma bajeti ya programu kama hizi, naanza na mstari wa basi. Mzazi anayeingia kazini saa moja asubuhi hawezi kumpeleka mtoto shuleni saa tatu na kumchukua mchana. Basi likifutwa ili kubana matumizi, mahudhurio huporomoka, na saa tatu za masomo kila siku zilizoahidiwa kwenye ombi hubaki kwenye karatasi. Chakula cha mchana aghalabu hulipiwa na mfuko mwingine, ulio chini ya Wizara ya Kilimo, kwa hiyo mwombaji makini huandika maombi mawili.

Kisha kuna suala la tarehe. Julai 2025 serikali kuu ilizuia kwa muda fedha za mpango ule wa vituo, kisha ikaziachia mwezi huohuo, huku wasimamizi wakiwa hawajui kama waajiri au wasubiri. RAND inashauri maandalizi yaanze kabla Januari haijaisha, kwani kufikia Mei walimu wazuri huwa wameshapata kazi nyingine za kiangazi.