Themostati si ya nchi za baridi tu

"Huku kwetu joto, hicho kidude king'oe." Ushauri huu wa gereji umedumu kwa sababu kuna siku unasaidia kweli: themostati (vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) iliyokwama ikiwa imefunga ikitolewa, maji yanazunguka na gari linaacha kuchemsha. Dawa, hata hivyo, ilikuwa kuweka mpya. Bila themostati injini inachelewa kufika nyuzi 80 na kitu. Kompyuta ya gari inadhani injini bado ni baridi, inaongeza mafuta, na gari linaweza kutetemeka likiwa limesimama, petroli ikiliwa bure.

Kuipima themostati, itoe, itumbukize kwenye sufuria ya maji, bandika jikoni. Nyingi zilizo nzima huanza kufunguka kabla maji hayajatokota. Ikifunguka vizuri na gari bado linachemsha, kagua feni, rejeta iliyoziba, pampu ya maji, halafu (omba isiwe) gasketi ya silinda hedi.