Je, wajua kwa nini springi ya lori hutoa tindo nzuri, nondo haitoi?

Mpelekee fundi wa kufua vyuma pale Ngamiani, Tanga, kipande cha nondo umwombe akutengenezee tindo. Atakigeuza mkononi, kisha atakuuliza kama huna springi ya lori. Si kwamba kazi haitaki. Nondo ataifua na ncha itang'aa, ila ukiigonga kwenye zege mara mbili tatu ncha inalala.

Vyote ni chuma. Kinachotofautiana ni kaboni. Nondo ya kawaida ina kama asilimia 0.2, springi karibu 0.6. Kiasi cha kuchekesha, lakini ndicho kinachoamua.

Chuma kikiwa baridi, atomi zake zimejipanga kwa namna ambayo karibu haina nafasi ya kaboni. Kikipita nyuzi 727 za Selsiasi huanza kujipanga upya, na mpango huo huipokea kaboni kwa wingi. Kikiachwa kipoe polepole, kaboni hupata muda wa kujitenga, chuma kikarudi laini. Kikizamishwa ghafla, kaboni hunaswa humo humo na kila kitu kinakaza. Hali hiyo huitwa martensaiti, kwa jina la Mjerumani Adolf Martens. Nondo haina kaboni ya kutosha kunaswa, basi.

Huna kipimajoto? Tumia sumaku. Kwenye nyuzi 770 hivi chuma huacha kuvutwa. Ongeza moto kidogo, uzamishe.

Uzamishe wapi? Maji ya bahari yako jirani, na kweli hupoza haraka kuliko ya bomba, maana chumvi huvunja utando wa mvuke unaokizunguka chuma. Lakini martensaiti hutanuka inapojiunda. Nje ikikaza kabla ya ndani, utasikia "ta!", tindo imepasuka. Kwa springi mimi nachagua mafuta ya kula yaliyopashwa kidogo. Yana gharama, sawa, ila moshi wa oili chafu si wa kuvuta.

Ikitoka humo ni ngumu na huvunjika kama kioo, kwa hiyo bado haifai. Sugua upande mmoja kwa msasa hadi ung'ae, kisha pasha taratibu kuanzia kichwani, ukitazama rangi zikitembea kuelekea ncha: manjano hafifu karibu nyuzi 220, kahawia, zambarau, halafu buluu karibu 300. Kisu husimamishwa kwenye manjano. Tindo, inayopigwa nyundo, isubiri zambarau ifike nchani, kisha itie majini hapo hapo. Ukipitiliza, ipashe tena hadi iwe nyekundu, uanze upya.