Fuso la magugu maji ni Fuso la maji

Jumatatu asubuhi kijana kanipigia. "Shikamoo fundi, nimepata malighafi ya bure kabisa." Marahaba, nikamjibu, ni magugu maji, sivyo? Akashangaa nimejuaje. Nimejua kwa sababu ni wa nne mwezi huu, na mpango ni uleule: anayavuta bwawani, anayapakia kwenye Fuso hadi Moshi, anayaanika, anatengeneza mkaa mbadala, anatajirika.

Haya, hesabu. Gugu maji bichi ni maji kwa asilimia 90 hadi 95. Fuso la tani 7 linakupa kilo 350 mpaka 700 za kitu kikavu. Kilichobaki ni maji, nawe umeyalipia dizeli kuyapandisha kwenye mji ambao maji yanateremka yenyewe kutoka mlimani. Ukishachoma, hupati hata nusu ya hizo kilo, tena mkaa wenyewe una majivu mengi. Mama ntilie atanunua mara moja tu. Kuanika wakati wa masika usinitajie.

Kwa hiyo hayafai? Nani kasema! Maji yaleyale yanayoua mkaa ndiyo ninayoyataka kwenye mtambo wa bayogesi. Samadi unaichanganya na maji ndoo kwa ndoo. Gugu maji linakuja na maji yake. Ila usilitumbukize zima. Vikonyo vyake vimejaa hewa, ndiyo maana linaelea, na ndani ya mtambo litaelea vilevile. Linapanda juu, linashikana, linakuwa ukoko, gesi inakwama. Nilipoanza kazi hii nilijaza mtambo wa mteja hivyo. Niliupakua kwa koleo siku mbili, na ile harufu sitaisimulia. Siku hizi nakata mizizi kwanza (imebeba mchanga, na mchanga ukituama chini unakula nafasi), napitisha majani na vikonyo kwenye mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, kisha nachanganya na samadi, maana humo ndimo walimo vijidudu wa kutengeneza gesi. Na mtambo ujengwe karibu na bwawa. Gugu lisipande gari.

Halafu, jamani, ya Ziwa Jipe, kule mpakani na Kenya, ni habari nyingine. Yale yaliyosimama kule ni Typha, gugu jingine kabisa: mizizi iko topeni, majani magumu, halielei, na kulikausha si kazi kubwa hivyo. Kwa mkaa ningeanza na hilo. Lakini yote tumeshayaita magugu maji, basi yamekuwa kitu kimoja.

Kinachoninyima usingizi ni mbegu. Mbegu ya gugu maji inaweza kulala topeni zaidi ya miaka 15. Mboji ikifika nyuzi 55 na kupanda, ukaigeuza vizuri, mbegu zinakufa. Mtambo wa chini ya ardhi haufiki huko. Sasa nikimpa mkulima wa mpunga tope linalotoka mtamboni gesi ikishapatikana, nimempa mbolea au nimempandia gugu kwenye mfereji wake? Nimeamua navuna kabla halijatoa maua, na tope linaenda kwenye migomba tu, mbali na mfereji. Bado sina amani kamili.

Nilimweleza kijana yote haya, taratibu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Sasa fundi, nikichimba bwawa langu niyapande mwenyewe, ili yasije yakaisha?"

Nikakata simu.