Kaktasi nayo hukaushwa

Husemwa sana kwamba kaktasi haihifadhiki kwenye hebaria, yaani mkusanyo wa mimea iliyobanwa na kukaushwa, eti maji yake huozesha kila kitu. Huhifadhika, kosa ni kuibana nzima. Chukua Echinocereus triglochidiatus, yenye maua mekundu, ya makorongo ya Utah na Arizona, Marekani. Shina hupasuliwa kwa urefu, nyama ya ndani ikakwanguliwa kwa kijiko hadi libaki ganda lenye matuta na miiba. Kipande chembamba hukatwa kwa mapana, matuta yahesabike. Ua nalo hupasuliwa. Kisha vyote hubanwa kati ya magazeti, yakibadilishwa kila siku, ukizembea, kuvu. Nyama ikibaki nyingi, shina huendelea kuishi humo kwa wiki kadhaa (kaidi kwelikweli). Rangi ya ua hufifia, hivyo iandikwe kwenye lebo siku ileile.